Spika Zangu na Masikio ya Baba

Wageni wakija kwangu, kitu cha kwanza wanachokiona ni spika. Hazifichiki. Zinanifika kiunoni, nimezipaka vanishi ya rangi ya asali, na zimesimama pande mbili za televisheni. Mgeni akiuliza nilizinunua wapi, mke wangu huniachia swali nilijibu mwenyewe, kisha hunikazia macho. Zamani nilikuwa nikijipiga kifua: "Nimejitengenezea." Siku hizi nasema, "Nilitengeneza mimi, nikakosea, baba yangu akasikia." Mgeni hucheka akidhani natania, na tunaendelea na chai. Yaliyobaki sijawahi kumsimulia mtu wa nje. Nayaandika hapa kwa sababu nimechoka kuyabeba.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Alifanya kazi karibu maisha yake yote katika duka moja dogo mjini, Luthuli Avenue, orofa ya kwanza, la Singasinga mmoja mzee aliyemfunza kazi tangu namna ya kushika koleo. Redio, vinanda vya santuri, amplifaya za makanisa na za baa, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza kitu kibovu. Hakuinamisha kichwa kama watu wengine. Kichwa alikigeuza polepole, kushoto, kisha kulia, kama mtu aliyeingia nyumbani akasikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui ni chumba gani. Alipokiacha kichwa kitulie, ujue amekwishapajua penye ubovu.

Yule mzee wake alikuwa na desturi moja. Enzi hizo nyaya hazikuwa na rangi za kuaminika. Walitumia chochote kilichopatikana, nyaya za simu kuukuu, nyaya zilizong'olewa kwenye magari, zote nyeusi au zote kijivu. Kwa hiyo kila waya iliyokwenda upande wa hasi waliifunga fundo dogo karibu na ncha. Yenye fundo ni hasi, isiyo na fundo ni chanya, basi. Baba alilichukua fundo lile akaja nalo nyumbani. Nimekua nikiliona kila mahali: kwenye redio ya jikoni, kwenye taa ya betri, hata kwenye kengele ya mlango ambayo haikuwahi kulia. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza fundo ni upande gani, ningekujibu bila kufumbua macho. Angalau hivyo ndivyo ningekuambia.

Mzee yule alipofariki, watoto wake walilifunga duka, na baba akawa anashinda Kangemi siku zote saba za wiki, kwenye nyumba yetu ile ile nyuma ya soko anakoishi na dada yangu mkubwa. Hakustaafu. Aliweka meza barazani na majirani wakaendelea kumletea redio zao. Na Jumapili alikuwa na kazi yake kubwa zaidi: yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ya sauti kanisani. Alifika kabla ya mchungaji, akafungua kabati la mitambo, akapanga maikrofoni, akaketi nyuma ya vile vitufe vyake akiwa amevaa koti. Ufunguo wa kabati aliufunga kwa kamba pamoja na ule wa nyumba. Dada alikuwa akisema kwamba tangu mama afariki, ni ule ufunguo unaomtoa baba kitandani.

Mimi sikurithi chochote cha kazi yake. Nafanya kazi ya ofisi mjini, ya kusoma makaratasi ya watu na kuandika mengine ya kuyajibu. Nakaa upande wa Karen. Si Karen ya majumba na nyua za kupogolewa, ni fleti iliyo kando ya barabara ambayo sisi wapangaji tunaiita Karen ili tujisikie vizuri. Nilikuwa nimefika umri ambao mtu huanza kujiuliza mikono yake imewahi kufanya nini. Ndipo nikaona kwenye mtandao seti ya spika za kujiundia. Unaletewa sandukuni wufa mbili za kutoa besi, twita mbili za sauti nyembamba, vibao viwili vya kugawa sauti kati yao, nyaya, skrubu na kijitabu cha maelezo. Mbao unajitafutia.

Nilimpigia baba simu kumwambia nimeagiza.

"Basi sasa umerudi nyumbani," akasema.

Nilijiona nimemfurahisha bila kutarajia, na furaha ile niliipenda kwa siku kama tatu. Kisha sanduku likaja, nikafungua kijitabu, na nikaanza kuwa mjuaji.

Sijui kama ni kazi ya ofisi iliyoniharibu au nilizaliwa hivi. Mimi nikishika karatasi lenye maelezo, mtu mwingine yeyote chumbani hunigeukia kuwa kelele. Niligombana na fundi wa samani wa Ngong Road aliyenikatia mbao, kwa sababu ubao mmoja ulizidi mwingine kwa unene wa ukucha. Alinitazama, akatazama rula yangu, akasema, "Boss, hii ni kabati ama ni jeneza ya rais?" Wenzake walicheka. Sikucheka. Nilimfanya akate tena.

Baba alikuja Jumamosi ya kwanza akiwa amebeba mkebe wa biskuti uliojaa vipande vya nyaya, nati, na vidude ambavyo ni yeye tu aliyejua majina yake. Alikuwa amevaa lile koti lake la Jumapili. Nilikuwa nimetandaza magazeti sebuleni, nimepanga kila kitu kwa namba kama kijitabu kilivyosema. Akachuchumaa, akainua wufa moja kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

"Hizi umezijaribu na betri?"

Nilijua anachosema. Ni jaribio la mafundi wa zamani: unachukua betri ya tochi, unagusisha nyaya mbili nyuma ya spika. Kile kikaratasi cha wufa kikisukumwa nje, umeunganisha sawa. Kikizama ndani, umegeuza.

"Hakuna haja, Baba. Zimeandikwa."

"Kuandikwa ni sawa. Lakini betri ni dakika moja."

"Hii ni kitu ya kisasa," nikasema. "Ukifuata kitabu huwezi kukosea. Kaa tu, chai inakuja."

Akakaa. Alikunywa chai yake akiwa ameuweka mkebe magotini, akinitazama nikipaka gundi. Kila nilipoinua kichwa nilimwona akitaka kusema kitu na kukimeza. Jioni alipoondoka aliuacha mkebe kando ya kochi. "Labda utakosa kitu," akasema. Jumamosi iliyofuata hakuja, na mimi, Mungu anisamehe, niliona heri.

Kazi yenyewe ilichukua wiki kadhaa. Nilipiga msasa kwenye roshani mpaka mke wangu akaniuliza kama unga wa mbao nao tutausonga ugali. Spika ya kwanza ilikubali bila matata. Kwenye ya pili, nilikata waya ya kutoka vishikizo vya nyuma, vya kushikia nyaya za amplifaya, kwenda kwenye kibao cha ndani, ikawa fupi. Nikakata nyingine, fupi pia. Waya ya sanduku ikaisha. Nikakumbuka mkebe wa baba.

Ndani yake kulikuwa na jozi nzuri, nyeusi zote mbili, ndefu ya kutosha, upande mmoja ina kiplagi kilichoingia kwenye kibao kwa namna moja tu, na upande wa pili waya moja ina fundo. Nikatazama kijitabu. Kijitabu kilisema waya yenye alama ndiyo chanya. Nikatazama waya. Alama ni fundo. Nikaifunga yenye fundo upande wa chanya, nikakaza nati, nikajaza sufu ya kutuliza mwangwi, nikaweka wufa, nikakaza skrubu nane. Sikusita hata kidogo. Ningependa kuandika kwamba kuna kitu kilinigusa moyoni, kwamba nilikumbuka jiko letu na ile redio. Sikukumbuka. Nilikuwa na kijitabu.

Spika zilipokauka vanishi, niliita watu Jumapili baada ya ibada. Nilimwita baba na dada yangu, na wafanyakazi wenzangu wawili wa ofisini ambao nilikuwa nimewachosha kwa picha za kila hatua. Nilipitia Kenyatta Market kuchukua nyama choma, mke wangu akapika mukimo wa viazi na mahindi. Tulikula haraka kwa sababu nilikuwa nikiwaharakisha. Kisha nikawapanga kwenye kochi, baba katikati, nikaweka rumba ya zamani anayoipenda, ile yenye magitaa yanayofuatana na mwimbaji mmoja asiye na haraka.

Muziki ulijaa chumba. Wenzangu walitoa macho. Mmoja akasema, "Hii ni clear kabisa, bro." Mwingine akatoa simu kurekodi. Mimi nilikuwa nikimtazama baba.

Kichwa chake kikaanza kugeuka. Kushoto. Kulia. Akasimama, akaenda akasimama katikati ya spika zote mbili, akarudi nyuma hatua mbili, akarudi mbele. Kisha kichwa kikatulia.

"Huyu mwimbaji hana mahali pa kusimama," akasema. "Anaimba kutoka kila pahali. Na besi haiko, zinakulana. Spika moja inasukuma, ingine inavuta."

"Baba, besi iko."

"Haiko. Umegeuza waya ya moja. Geuza tu hapo nyuma, hizo mbili, weka hii hapa na hii hapa. Dakika moja."

Dakika moja tu. Vishikizo vilikuwa nyuma ya spika, ningevifungua kwa vidole. Angekuwa amekosea, ningevirudisha na tungecheka. Lakini wenzangu walikuwa wakinitazama, mmoja bado ameshika simu juu. Wiki kadhaa za msasa, na mzee wa mikebe ya biskuti ananiambia mbele ya watu nimekosea kitu ambacho hata wanaochomeka redio za magari hawakosei.

"Baba," nikasema, "hayo ni masikio yako. Si spika."

Hapo ningenyamaza, ingekuwa utovu wa adabu wa kawaida, wa kuombwa msamaha kwa simu. Sikunyamaza.

"Hata kanisani watu wanalalamika. Ile maikrofoni inapiga mluzi kila Jumapili na wewe husikii. Ni vile tu wanakuheshimu hawakuambii."

Hilo nililisikia kwa dada yangu. Aliniambia kwa siri, akiwa na wasiwasi, akinitaka tutafute namna nzuri ya kuzungumza na baba. Nilimwona dada akishusha macho kwenye mikono yake. Mke wangu akainuka akaenda jikoni ambako hakukuwa na kitu cha kufanya.

Baba alicheka kidogo. Akarudi akaketi mahali pake. "Inawezekana," akasema. "Miaka imeenda." Akaomba chai, akamuuliza yule mwenye simu kwao ni wapi, wakazungumza habari za mvua hadi saa ya kuondoka. Nilimsindikiza hadi kwa gari la dada. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipongeza kwa kazi nzuri. Niliporudi ndani, mke wangu alisema, "Wewe, yule ni baba yako." Nikamwambia ukweli lazima mtu auseme. Nilijiona mtu wa ukweli kabisa.

Jumapili iliyofuata baba alimpa mwalimu wa kwaya ufunguo wa kabati. Hakugomba, hakueleza. Alisema tu kwamba masikio yamechoka na asingependa kuwaharibia watu ibada. Mchungaji alimsimamisha mbele, wakampigia makofi, wakamwombea. Dada ndiye aliyenisimulia. Alinipigia simu nikiwa kazini, nikatoka hadi kwenye ngazi za dharura ili kuzungumza naye.

"Ameanza kurudishia watu redio zao," akasema. "Ati wapeleke kwa fundi anayesikia. Unafurahi sasa?"

Nikamwambia pengine ni vizuri apumzike. Nikamwambia mambo mengi ya busara nikiwa nimesimama pale ngazini, na kila moja lilikuwa la kujitetea. Sikulala vibaya siku zile, ninalikiri hilo. Dhamiri yangu ilikuwa imeshiba.

Miezi ikapita. Siku moja spika ya kulia ikaanza kutetemesha kitu kila gitaa la besi lilipoingia, mlio mdogo wa kukera. Nikadhani ni nati ya ndani iliyolegea. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mke wangu ameenda sokoni. Nikailaza spika chali, nikafungua skrubu nane, nikainua wufa na kusogeza sufu.

Fundo lilikuwa limekaa pale juu, kwenye kishikizo cha chanya.

Nililijua mara moja. Hapakuwa na haja ya kukisia wala kukumbuka, mikono ilijua kabla yangu. Niliketi sakafuni. Kisha, kwa sababu bado nilitaka kuwa na haki, nikaenda nikatoa betri kwenye saa ya ukutani na kufanya jaribio la baba, nyuma ya spika, chanya kwa chanya. Wufa ikazama ndani. Nikarudia. Ikazama tena. Dakika moja, kama alivyosema.

Nikageuza nyaya ndani, nikakaza kila kitu, nikaweka rumba ile ile. Besi ilinijia kutoka sakafuni mpaka kwenye mifupa ya miguu. Na mwimbaji alikuwa amesimama. Sijui namna nyingine ya kusema. Alisimama katikati, mbele ya televisheni, na unaweza kumwonyesha mgeni kwa kidole. Spika hizi nilizokuwa nikizisifu ofisini sikuwahi kuzisikia hata mara moja hadi siku hiyo. Baba alikuwa amezisikia zote mbili, nilizotengeneza na nilizopaswa kutengeneza, kwa wimbo usiofika nusu.

Kutoka kwangu hadi Kangemi si mbali. Ningeweza kuvaa viatu. Badala yake nilitunga mpango, na ule mpango ndio unaonifanya nijidharau kuliko maneno yote ya siku ile. Nilijiambia nitamwita chakula cha mchana, nitaweka muziki, atasikia tofauti, ataniambia, "Umegeuza waya," nami nitasema, "Ndiyo, Baba." Hivyo angepata ushindi wake na mimi nisingelazimika kufungua mdomo kwanza.

Akaja. Tulikuwa watatu tu, yeye, mimi na mke wangu. Nikaweka wimbo. Baba aliketi katikati ya kochi, na safari hii kichwa chake hakikugeuka hata kidogo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ile kitu siisikii tena," akasema polepole. "Leo iko sawa. Kumbe ulikuwa unasema ukweli. Ilikuwa ni mimi."

Nilikuwa nimeshika sahani ya chapati. Mke wangu alinitazama kwa sababu alikuwa anajua, nilikuwa nimemwambia jana yake. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Chukua chapati, Baba, ingali moto."

Akachukua.

Hapo ndipo nilipomwibia hasa. Ile siku ya kwanza nilikuwa mjinga mwenye kiburi, na ujinga una namna yake ya kusamehewa. Siku ya chapati nilijua. Nilimwacha mtu mzima akiondoka nyumbani kwangu akiwa na ushahidi, kwa masikio yake mwenyewe, kwamba masikio yake yamekufa. Mke wangu hakunisemesha hadi Jumatatu, na alipofungua mdomo alisema, "Ukingoja sana utamwambia kaburini." Nikamwambia nitamwambia. Nikawa namwambia hivyo kila wiki.

Dada alisema baba sasa huketi viti vya nyuma kanisani. Maikrofoni bado inapiga mluzi, akaniambia, tena kuliko zamani, kwa sababu mwalimu wa kwaya anasimama nayo mbele ya spika na hakuna wa kumfukuza pale. Kumbe mluzi haukuwa na uhusiano wowote na masikio ya mtu. Baba alikuwa akiwaambia kila Jumapili wasisimame pale.

Basi nikatunga mpango mwingine. Kichwa changu hakikosi mipango. Nitaiharibu tena spika, nikasema, nizirudishe nyaya za ndani kama zilivyokuwa, kisha nimwite. Atasikia ule ubovu wake. Kichwa kitageuka. Atasema, nami safari hii nitamkubali palepale, nitampa bisibisi, na kila kitu kitarudi mahali pake. Niliona nimepata dawa. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo nikamwambia mke wangu anapika samaki.

Alikuja na koti lake. Tukala. Nikaweka rumba.

Mwimbaji akatawanyika chumbani. Na mimi nikamwona baba. Kichwa kikaanza: kushoto kidogo, kulia kidogo. Macho yakamtafuta yule mwimbaji kwenye kona, kwenye pazia, nyuma ya kabati la vyombo. Kisha kichwa kikatulia kabisa, vile vile kama zamani, na mkono wake ukainuka kutoka gotini. Nikasubiri.

Mkono ukarudi gotini.

"Unasikiaje, Baba?"

"Iko sawa."

"Hakuna kitu?"

"Iko sawa kabisa," akasema. Akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemwambia mwenye nyumba chakula kimetosha. "Kazi safi."

Alikuwa amesikia. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba amesikia. Aliusikia ubovu, akajua uko wapi, na akaukana, kwa sababu mimi mwanawe nilikuwa nimemfundisha kutojiamini.

Nikazima muziki. Sikuwa na mpango tena. Nikapiga magoti mbele ya spika ya kulia, nikaanza kufungua skrubu, na nikasema yote nikiwa nimempa mgongo, maana uso wake nisingeuweza. Nikamwambia habari ya fundo. Nikamwambia siku ya kwanza alisikia sawa. Nikamwambia siku ya chapati nilikuwa nimerekebisha, na nilimwona akijilaumu nikanyamaza. Nikamwambia leo nimegeuza tena kwa makusudi. Mke wangu alisimama mlangoni mwa jikoni. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na bado nilikuwa na skrubu mbili za kufungua.

Nilisikia kochi likilia. Baba alikuja akachuchumaa kando yangu, taratibu, akishikilia bega langu ili asianguke. Akachukua bisibisi, akafungua zile skrubu mbili zilizobaki, akainua wufa na kutazama ndani ya spika. Akaingiza mkono, akasogeza sufu, akalishika lile fundo kwa kidole gumba na cha shahada.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hivyo nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Nilidhani atakasirika, na ningeshukuru. Nikamwambia Jumapili nitakuja kanisani, nitamwambia mchungaji, nitasimama mbele niseme kama nilivyosema mbele ya watu.

"Hapana. Ufunguo nilishapeana," akasema. "Yule mwalimu anajaribu. Usimnyang'anye mtu kazi juu ya makosa yako."

Kisha akaniomba koleo. Akalegeza nati, akaitoa waya, akaanza kulifungua fundo kwa kucha. Lilikuwa limekaza miaka na miaka, huenda alilifunga akiwa bado kule orofani Luthuli Avenue. Nilimwambia aliache, nikamwambia nalijua sasa, sitalisahau tena. Akaendelea kulichokonoa. Lilipofunguka aliinyoosha ile waya kwa vidole hadi ikasimama, lakini mahali pa fundo pakabaki na kikunjo.

Akamgeukia mke wangu. "Mama, uko na rangi ya kucha?"

Mke wangu alileta kichupa chekundu. Baba alikitikisa, akachovya, na kwa mkono usiotetemeka akaweka nukta moja kwenye waya ya chanya na nyingine kwenye kishikizo chake. Akapuliza zikauke, kisha akazifunga nyaya zote mbili mahali pake.

"Sasa hata mtu asiyenijua hawezi kukosea," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alinirudishia bisibisi, akaegemea kochi palepale sakafuni, na kungoja nifunge skrubu.